Mbwa Kachomwa Ivermectin Sasa Anayumba: Jinsi ya Kupima Dozi na Cha Kufanya Dawa Ikipanda Kichwani

Kila baada ya siku chache kuna mtu ananiuliza, "mkuu, mbwa wangu ananyonyoka manyoya, nimchome ivermectin cc ngapi?" Halafu anakuja mwingine, "mbwa wangu kachomwa sindano ya upele jana, leo hasimami, nimpe nini?" Ukiangalia vizuri hilo ni swali moja tu, wa kwanza kaliuliza mapema, wa pili kachelewa. Sasa nimeamua niandike yote sehemu moja ili ukiulizwa na jirani umpe asome, maana hii dawa naipenda na nimeona ikiokoa mbwa wengi hapa Dar, ila nimeona pia ikilaza mbwa mzima wiki nzima kwa sababu ya mtu kukadiria kwa macho.

Mimi sio daktari wa mifugo, ni mfugaji tu, nafuga mbwa wa ulinzi Kimara. Hesabu nitakazotoa hapa ni za kukusaidia ukague anachofanya yule anayekuja kumchoma mbwa wako, dozi yenyewe apange daktari aliyemuona mbwa.

Nilijifunza kwa Bosco. Chotara wa German Shepherd, kilo 22. Alikuwa anajikuna masikio mpaka yakatoka damu, nikampigia kijana mmoja wa duka la dawa za mifugo akaja na bodaboda Jumamosi saa nne asubuhi. Akamtazama mbwa, akasema huyu hapungui kilo arobaini, akavuta cc 2 kwa sirinji kubwa ya cc 10, akachoma shingoni, nikalipa, akaondoka. Mpaka mchana mbwa yuko sawa kabisa. Saa moja jioni naweka chakula, Bosco ananyanyuka, miguu ya nyuma inapishana kama mtu aliyelewa, anapita pembeni ya bakuli anaenda kugonga ndoo ya maji kwa uso. Nikammulika na tochi ya simu, macho yote meusi, mboni imefunguka mpaka kile kiduara cha kahawia hakionekani. Usiku ule akalala chini asiamke. Nitarudi kwake huko mbele.

Nadharia kidogo tu

Ivermectin inaua utitiri na minyoo kwa kufungua vijimilango fulani kwenye neva na misuli yao, mdudu anapooza, anakufa. Mbwa, ng'ombe na binadamu nao wana vijimilango vinavyofanana na hivyo lakini vipo ndani ya ubongo, na ubongo una pampu inayoitwa P-glikoproteini ambayo kazi yake ni kuitupa dawa nje kabla haijaingia. Ndo maana dawa inaua utitiri na mbwa anabaki salama. Sasa dawa ikizidi sana, au pampu ikiwa mbovu, dawa inaingia ubongoni na mbwa anapoozeshwa kama mdudu. Basi.

Hiyo pampu mbovu ni ya kuzaliwa. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington State, Marekani, waligundua kwamba mbwa aina ya Collie wengi wana hitilafu kwenye jeni inayoitwa MDR1, kwa Collie ni karibu 70 kati ya 100. Australian Shepherd karibu nusu yao. German Shepherd ni karibu mmoja kati ya kumi, na huyu ndo anayetuhusu sisi, maana Dar nzima geti kumi ukigonga saba utakuta jemani au chotara wa jemani, na chotara anaweza kuirithi kwa mzazi bila wewe kujua.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaruhusu sindano

Mizani. Ya bafuni inatosha, kama huna azima kwa jirani au mpeleke kliniki yenye mizani. Kwa vitoto tumia hata mizani ya duka la nafaka, weka kwenye beseni kisha utoe uzito wa beseni.

Sirinji ya cc 1 yenye mistari midogo midogo. Hii ndo kitu muhimu kuliko vyote na ni ya bei rahisi mno, ipo famasi yoyote. cc 1 na ml 1 ni kitu kimoja, usichanganyikiwe.

Chupa yenyewe ya dawa, sio dawa iliyovutwa dukani ikaletwa kwenye sirinji bila lebo. Ukiletewa sirinji iliyojaa tayari kataa, huwezi kujua ni asilimia ngapi wala ni dawa gani.

Simu yenye chaji, namba ya daktari wa mifugo anayepokea usiku (mpigie mara moja mchana ujue kweli anapokea), daftari na kalamu.

Na siku ya kumwangalia mbwa. Usimchome Jumatatu asubuhi halafu ukapanda mwendokasi kwenda Posta mpaka saa mbili usiku.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha kwanza ni utitiri. Kujikuna kuna sababu kibao: viroboto, fangasi, mzio wa chakula, upele wenyewe. Daktari anakwangua ngozi kidogo kwa kisu butu anaangalia kwenye hadubini, dakika chache tu. Wengi wanachoma ivermectin kwa mbwa mwenye fangasi, haiponi, wanarudia, haiponi, wanaongeza dozi. Na kwa kupe hii dawa sio ya kutegemea, mbwa akijaa kupe kuna dawa zake, usimchome ya ng'ombe kwa sababu jirani alisema inamaliza kila kitu.

2. Pima uzito. Panda kwenye mizani peke yako, andika. Mbebe mbwa, panda tena, andika. Toa. Kama mimi ni 71 na nikiwa na mbwa ni 93, mbwa ni kilo 22. Mbwa mkubwa asiyebebeka mpeleke sehemu yenye mizani ya chini. Usikadirie hata kama umefuga miaka ishirini, manyoya yanadanganya na mbwa aliyekonda kwa upele anadanganya zaidi, unamuona mrefu kumbe ni mifupa mitupu.

3. Soma asilimia kwenye lebo, kwa sauti kama unaweza. Chupa nyingi za ng'ombe ni 1%, maana yake kila ml 1 ina miligramu 10. Lakini zipo za 3.15%, zile za kukaa mwilini muda mrefu, hizo ml 1 ina miligramu 31.5, yani zaidi ya mara tatu, na chupa zinafanana. Zipo za kumwaga mgongoni, zipo zilizochanganywa na dawa nyingine ya minyoo ya ini. Kwa mbwa hizo zote achana nazo. Angalia pia tarehe ya mwisho na usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

4. Piga hesabu mwenyewe. Dozi ya ng'ombe ni miligramu 0.2 kwa kilo, ndo maana kwenye chupa ya 1% wanaandika ml 1 kwa kilo 50. Kwa upele wa kuambukiza madaktari wengi wanampa mbwa kati ya 0.2 na 0.4 kwa kilo, kila baada ya wiki moja au mbili. Tukichukua 0.2 na chupa ya 1%, kila kilo ya mbwa inakula ml 0.02. Kitoto cha kilo 5 ni ml 0.1. Mbwa wa kilo 10 ni ml 0.2. Wa kilo 25 ni ml 0.5, nusu cc tu. Chukua sirinji ya cc 10 uitafute 0.1 uone kama utaipata, haipo, mstari wake wa kwanza umeshapita hapo. Ndo maana nasisitiza sirinji ndogo.

Hapa ndo ajali nyingi zinatokea, ni nukta. Mtu anaambiwa "nukta mbili", anasikia "mbili". Mbwa wa kilo 10 akichomwa ml 2 badala ya 0.2, kapata mara kumi. Mbwa mwenye pampu nzima anaanza kuonyesha dalili kwenye miligramu 2 hadi 2.5 hivi kwa kilo, kwa hiyo huyo yuko mlangoni kabisa. Na kitoto cha kilo 3 akichomwa cc 1 "kwa sababu ni kidogo", hiyo ni miligramu 10 gawanya kwa 3, zaidi ya 3.3 kwa kilo, ameshapita.

Kwa mbwa mwenye pampu mbovu hesabu ni nyingine kabisa. Huyo anaweza kuanguka kwa miligramu 0.1 kwa kilo, yani nusu ya ile dozi ya kawaida uliyopima vizuri kwa mizani na sirinji ndogo. Bosco alipata ml 2 kwa kilo 22, ni kama 0.9 kwa kilo. Mbwa mwingine angelala usingizi akaamka. Yeye hapana.

5. Muondoe mbwa asiyefaa. Usikubali achomwe kama:
- ni Collie, Australian Shepherd, Shetland, au jemani na chotara wake ambaye hajapimwa. Kipimo cha MDR1 kipo, wanapangusa ndani ya shavu na kutuma maabara, muulize daktari wako kama anaweza kukutumia. Kama huwezi, mchukulie anayo hitilafu mpaka ithibitike vingine;
- ni kitoto chini ya wiki sita, ulinzi wa ubongo wake bado haujakomaa;
- ana minyoo ya moyo, hapo dawa ikiua vijiminyoo vya kwenye damu kwa mkupuo mbwa anaweza kupata mshtuko;
- yuko kwenye dawa zinazoziba ile pampu. Ketokonazoli ndo inayotupata sana huku, ile ya fangasi. Mtu hana uhakika kama ni fangasi au upele, anampa zote mbili, na hapo ametengeneza pampu mbovu kwa mkono wake. Siklosporini pia, na vidonge vya viroboto vyenye spinosadi.

Kwa mbwa wa kundi hili muombe daktari dawa ya familia nyingine, zile tembe za kutafuna za afoxolaner au fluralaner zinaua utitiri na hazitegemei ile pampu. Ni ghali, najua. Ila mwambie daktari kama mbwa amewahi kushikwa na degedege, hapo nazo hazimfai.

6. Kama ni ule utitiri wa ndani ya vinyweleo, demodeksi, matibabu ni ya kila siku kwa mdomo na yanaenda wiki nyingi. Daktari makini anaanza chini, 0.05 kwa kilo siku ya kwanza, anapandisha kidogo kidogo huku wewe unaangalia mboni na mwendo. Ukiona kapandisha moja kwa moja mpaka juu, muulize kwa nini.

7. Usimuogeshe kwa amitrazi siku hiyo hiyo. Ile dawa ya kuogeshea yenye harufu kali nayo inamlegeza mbwa na kushusha mapigo ya moyo, ukizichanganya akianguka hakuna atakayejua ipi imemwangusha, na matibabu yake ni tofauti.

8. Andika kwenye daftari: tarehe, saa, uzito, asilimia, ml ngapi, imechomwa au imenyweshwa. Piga picha lebo. Hii picha ndo itakayomsaidia daktari saa nane usiku.

9. Kaa naye. Dalili zikija mara nyingi zinaanza ndani ya saa 4 hadi 12, lakini ya kuchoma inaingia taratibu na inaweza kuchelewa mpaka siku ya pili. Kila baada ya saa mbili tatu fanya hivi: mwite atembee hatua kumi, angalia miguu ya nyuma. Mmulike macho, mboni isinyae. Dondosha kipande cha pamba mbele ya uso wake, macho yakifuate (pamba haina sauti wala harufu ya kumshtua, kwa hiyo akiifuata ujue anaona kweli). Angalia kama mate yanachuruzika.

10. Fukia kinyesi na ficha chupa. Wenye ng'ombe Kigamboni, Chanika na Pugu hili ni lenu: mkichoma ng'ombe ivermectin, dawa nyingi inatoka kwenye kinyesi, na mbwa mnawajua wanavyopenda samadi. Mbwa mwenye pampu mbovu anaweza kulewa kwa samadi peke yake na wewe hujamchoma kitu.

Dawa ikishapanda kichwani

Ukiona anayumba, mboni kubwa, mate, anatetemeka, anagonga vitu kama kipofu, au analala huwezi kumwamsha, mpigie daktari papo hapo. Usisubiri asubuhi uone kama ataamka. Bajaji au kirikuu, mlaze kwenye shuka, wawili mumbebe kama machela.

Ngoja niseme kuhusu maziwa maana hili linaua. Dar nzima mbwa akila sumu watu wanakimbilia maziwa, madafu, mafuta ya kula. Mbwa ambaye neva zimelegea hawezi kumeza. Ukimmiminia maziwa yanakwenda kwenye mapafu, na mbwa ambaye angeamka baada ya siku nne anakufa siku ya pili kwa nimonia. Usimpe kitu chochote mdomoni akiwa anayumba. Usimtapishe. Usimsagie mkaa wa jikoni, mkaa unaotumika ni ule maalum wa hospitali na daktari anaupitisha kwa mpira, na ndiyo, unasaidia hata kama dawa ilichomwa, kwa sababu ivermectin inatolewa na nyongo inarudi tumboni na inafyonzwa tena, mkaa unaikamata hapo njiani.

Dawa ya kuiondoa sumu yenyewe haipo. Ukikutana na mtu anakuuzia sindano ya kuondoa ivermectin, hifadhi hela yako. Daktari atakachofanya ni kumshikilia mbwa hai mpaka mwili uitoe dawa wenyewe: dripu, kuangalia pumzi na mapigo, mafuta maalum ya kupitisha kwenye mshipa ambayo yanaivuta dawa kutoka kwenye ubongo kama kliniki inayo. Akishikwa na kutetemeka au degedege usikimbilie kumpa diazepamu ya nyumbani, inasukuma ubongo upande ule ule ambao ivermectin inausukumia na inaweza kumzimisha kabisa. Iache iwe uamuzi wa daktari.

Na subira. Baada ya siku mbili tatu karibu nusu ya dawa bado imo mwilini. Wapo mbwa waliolala wiki kadhaa wakaamka wakatembea. Kwa hiyo ukiambiwa siku ya tatu "huyu mlale tu, hafai", uliza kwanza kama anapumua mwenyewe, na kama moyo unapiga vizuri.

Kumuuguza nyumbani akiwa amelala

Daktari wangu baada ya usiku wa kwanza alinirudishia Bosco na dripu ikiwa imening'inizwa kwenye msumari wa dirisha. Kazi iliyobaki ilikuwa yetu, mimi na mke wangu kwa zamu.

Mgeuze upande kila baada ya saa nne, usiku pia, la sivyo anapata vidonda nyongani na pafu la chini linajaa maji. Kichwa kiwe chini kidogo ili mate yatoke nje. Akiweza kulala kifudifudi, mkingie mito pande zote mbili, anapumua vizuri zaidi hivyo.

Macho hayafumbi. Hili sikulijua, nikaona jicho lake linaanza kuwa na ukungu, kumbe linakauka. Nunua jeli ya machozi famasi, weka kila baada ya saa chache. Ulimi nao unakauka, ulikuwa umetoka pembeni mgumu kama soli ya kiatu, tukawa tunaulowesha kwa pamba yenye maji tu, hatumnyweshi.

Sisimizi. Mate yake yaliwaita kutoka ukutani na mbwa hawezi kujitikisa. Tulimnyanyua kwenye godoro juu ya kreti za soda, pembe za kreti tukaziweka kwenye visahani vya maji, ndo tukapumzika.

Joto la Dar usilidharau. Mbwa aliyelala hahemi kwa nguvu kujipoza, muweke kivulini na feni, pima joto nyuma kwa kipimajoto cha kawaida, iwe kati ya 38 na 39 na nukta. Ikishuka chini ya 37.5 zima feni na umfunike.

Mfute mkojo kila mara, kibofu kikijaa na hakojoi mwambie daktari.

Siku ya sita asubuhi mtoto wa jirani alivuta komeo la geti na sikio la kushoto la Bosco likageuka. Sikio tu. Siku ya tisa alisimama kwa miguu ya mbele. Kuona kulirudi mwisho, alikuwa anatembea anaparuza ukuta kwa bega kujua njia.

Maswali yanayorudi, na mambo yanapoenda kombo

*Anajikuna zaidi baada ya sindano.* Siku chache za mwanzo ni kawaida, utitiri ukifa unaiwasha ngozi. Sio dalili ya ubongo, usiongeze dozi.

*Pamevimba alipochomwa.* Uvimbe mdogo na maumivu ya siku moja mbili yanatokea, dawa yenyewe inachoma. Ikiwa na usaha, daktari.

*Mboni kubwa tu, ila anakula na kutembea.* Ndiyo dalili ya kwanza hiyo. Simamisha dawa, mpigie daktari, usitoe dozi inayofuata. Wanaotumia ya kila siku ndo wanakosea hapa, wanasema "kesho nitapunguza". Kesho usitoe kabisa.

*Alikuwa anaanza kupona, karudi kuyumba.* Inatokea, ile habari ya nyongo kurudisha dawa tumboni. Ila hakikisha hakuna mtu wa pili nyumbani aliyempa dozi bila kujua, au hajala samadi.

*Nina uhakika gani ni ivermectin?* Swali zuri na usiliruke. Angalia mboni. Ivermectin zinapanuka. Akiwa na mate mengi, kuharisha, kutetemeka na mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, hiyo inafanana na sumu ya dawa za wadudu, zile za kunyunyizia bustani na kunguni, na hiyo ina dawa yake daktari akiwahi. Halafu kuna kichaa cha mbwa. Mbwa anayeyumba, anayetoa mate, aliyebadilika tabia, na hana kumbukumbu ya chanjo, hata kama alichomwa ivermectin jana usiingize mkono mdomoni mwake. Akikung'ata au mate yakiingia kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, mambo ya mbwa yasubiri.

*Paka je?* Paka nao wanalewa, vitoto vya paka hasa. Sirinji ya ng'ombe na paka wa kilo 3 ni vitu visivyopaswa kukutana mkononi mwa mtu asiye daktari.

*Mimi mwenyewe nawashwa, nimeambukizwa na mbwa, ninywe hii ya chupa?* Hapana. Upele wa mbwa kwa binadamu mara nyingi unaisha wenyewe mbwa akitibiwa. Ivermectin ya watu ipo, ndo ile waliyokuwa wakigawa mtaani pamoja na albendazoli kwa ajili ya matende na mabusha, na mnakumbuka walikuwa na fimbo ya kupimia urefu, mtoto chini ya sentimita 90 hapewi, mtu mzima mrefu anapata vidonge vinne vya miligramu 3. Yani hata kwa watu, tena kwa kampeni ya mitaa mizima, hawakukadiria kwa macho. Ya chupa ya ng'ombe ml 5 tu ina miligramu 50.

*Amepona, upele bado upo, nimrudishie kidogo?* Mbwa aliyewahi kuyumba kwa dozi ndogo usimpe tena ivermectin, wala ndugu zake kama doramectin. Mwambie daktari pia kabla ya kumpa loperamidi ya kuharisha, hiyo nayo inategemea ile ile pampu. Bosco kwenye kadi yake ya chanjo, ukurasa wa mbele, nimeandika kwa maka nyekundu: ASICHOMWE IVERMECTIN, KILO 22, na namba yangu, na nakala nyingine nimebandika ndani ya mlango wa banda, kwa sababu siku nisipokuwepo atakayeitwa kumtibu ni mtu asiyemjua.